Bundi wa mchana kweupe

Wiki hii nimezama kusoma habari za bundi wa theluji, yule mweupe wa Aktiki, na swali moja haliniachi: angezaliwa huku kwetu, nani angethubutu kumwita ndege wa nuksi?

Maana hana giza la kujifichia. Kule tundra, kaskazini mwa Kanada, Alaska na Urusi, jua la kiangazi halizami kwa wiki kadhaa, basi anawinda mchana kweupe. Miti nayo hakuna. Jike hutafuta kilima kidogo ambacho upepo umepeperusha theluji yake, akaparua kijishimo, akataga papo hapo chini, huku anaona pande zote. Dume aliyekomaa huwa karibu mweupe pepepe. Jike ana mistari myeusimyeusi kifuani na mgongoni. Nilichokikodolea macho zaidi kwenye picha ni miguu. Manyoya yameshuka mpaka vidoleni, kucha nyeusi tu ndizo zinazochungulia, kama mtoto aliyevalishwa soksi za babake.

Chakula chake kikuu ni lemingi, vipanya vinono vya baridi. Mwaka wa lemingi wengi jike hutaga hata mayai 11. Wakiadimika, huenda asitage kabisa. Hesabu hiyo naiheshimu, hasa nikikumbuka bei ya unga. Tena huanza kulalia yai la kwanza bila kungoja mengine, ndiyo maana kiota kimoja huwa na kinda aliyekwisha kunenepa na mwingine ndiyo kwanza anatoka yaini. Mbweha akisogea, dume humshukia kwa kucha. Tangu 2017 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, imemweka kwenye orodha ya walio hatarini.

Juzi usiku nilimkuta soja wa ploti yetu akimmulika bundi kwenye mjakaranda wa getini, jiwe mkononi.

"Madam, huyu akilia hapa, kuna mtu ataenda."

Nikamweleza kwamba hawa wana ndugu yao mweupe huko baridini. Zamani wanasayansi walimtenga peke yake, lakini DNA ikaonyesha ni wa jenasi moja na baadhi ya bundi wetu wakubwa.

Akafikiri kidogo. "Na huko kwake, watu hawafi?"

"Wanakufa."

"Sasa si unaona?" akasema, akarudisha tochi mtini.