Soya yangu ilikauka majani yakiwa bado juu

Msimu wa kwanza nililaumu jua. Mvua ilikata soya ikiwa kwenye maua, na mimea ya upande wenye kichanga ikawa inanyauka mchana na kusimama tena jioni, hadi jioni moja haikusimama. Majani yaligeuka kahawia lakini hayakuanguka, yakabaki yananing'inia kwenye vikonyo vyake. Sikulitilia maanani jambo hilo.

Msimu wa pili ukame ulikuwa mwepesi, lakini soya ikafa palepale. Ndipo nikang'oa. Nilikwangua kwa kisu ganda la shina karibu na ardhi, chini yake nikakuta rangi ya kijivu kama pamepakwa majivu, na humo vitone vyeusi vidogo mithili ya vumbi la mkaa. Nikapasua mzizi mkuu, weusi ni uleule. Kuvu hii inaitwa Makrofomina, na uozo wake ni uozo wa mkaa. Vile vitone ndivyo vinavyoifanya ikae udongoni miaka kadhaa ikisubiri mzizi. Ardhi ikipata joto la nyuzi 28 hadi 35 na maji yakapungua, inastawi.

Nikiri kwamba kabla ya kukwangua nilikuwa nimeshachimba nusu ya mfereji wa kutoa maji shambani, kwa kuwa nilisikia mizizi huozeshwa na maji. Huo ni uozo wa Fitofthora, ambao hupenda udongo uliolowa na huacha baka la kahawia linalopanda shina kuanzia ardhini. Wangu ulitaka ukavu. Mfereji ule ungeusaidia ugonjwa, si mimi.

Kwa ushauri wa mtu, nilipuliza pia dawa ya ukungu kwenye majani. Hasara tupu: adui yuko mzizini. Nikapanda alizeti ili kuvu ife njaa, kumbe inashambulia zaidi ya aina 500 za mimea, alizeti ikiwemo, pamoja na kunde, maharage, mtama na hata mahindi. Kubadilisha mazao bado nabadilisha, ila kwa sababu nyingine.

Kilichonisaidia ni kuupunguzia mmea kiu. Nilikuwa nabananisha mbegu nikiamini mimea mingi ni maganda mengi, nikapunguza. Mabaki ya mavuno niliyokuwa nachoma sasa nayaacha juu ya udongo, yanaupoza na kuzuia maji yasipotee. Palizi nafanya mapema. Nimehamia mbegu inayokomaa haraka ili maua na kujaa kwa maganda viwahi mvua. Na maji machache niliyonayo siyamwagi tena kwenye mimea iliyokwisha nyauka, maana maambukizi huingia mapema, wakati mwingine mche ungali mdogo, na dalili hujitokeza baada ya maua. Nayatunza kwa ajili ya kipindi cha maua hadi maganda yajae.

Kila mwisho wa msimu nang'oa mimea 20 huku na kule kwenye kile kichanga na kuikwangua yote. Mara ya kwanza 16 ilikuwa na vitone. Msimu uliopita ilikuwa 7.