Krimu si hina: makwapa yangu yalivyoungua, na ninavyoondoa nywele sasa

Naandika haya nikiwa bado na hasira, maana ushauri ulioniunguza mimi nausikia hadi leo kila penye shughuli ya wanawake: "Iache ikolee."

Ilikuwa wiki ya harusi ya mdogo wangu, Tanga, mwezi wa Desemba, joto la nguo kugandana na mgongo. Nyumba imejaa wanawake, huku hina inakorogwa, kule singo inatwangwa. Mimi miaka yote nilikuwa mtu wa wembe, na wembe ulishanichosha. Siku ya tatu tu vipele vimejaa kwapani, kwa sababu nywele zetu hizi za kipilipili zikikatwa hujikunja na kurudi kuichoma ngozi. Nikanunua krimu ya kuondoa nywele, elfu kumi na kitu, nikasema safari hii nitainua mikono ukumbini kwa raha zangu.

Nikaoga maji ya moto. Nikajisugua kwa singo iliyobaki ya bibi harusi mpaka ngozi ikalainika kama ya mtoto. Ndipo nikapaka krimu, tena nikaisugua iingie kama losheni. Karatasi ya ndani ilisema dakika tano, zisizidi kumi. Shangazi, mwenye mkono wa hina kuliko wote kwetu, akaniona naangalia saa. "Mwanangu, dakika tano ndiyo nini? Iache ikolee, itoke na mizizi." Nikamsikiliza, kwani nani hapo angebishana naye? Hina ukiiwahi hutoka rangi ya chungwa, ukiivumilia usiku kucha inatoka nyekundu iliyoiva. Sote tulilelewa na akili hiyo.

Kwenye dakika ya nane ikaanza kuwasha. Nikaambiwa ndiyo inafanya kazi. Baadaye ikachoma kama pilipili kwenye mkato, nikauma kanga. Nilipofuta, zilikuwa zimepita kama dakika ishirini. Nywele zilitoka kweli, na ngozi ikatoka nazo. Kwapa la kulia lilibabuka kipande cha upana wa vidole viwili, chekundu, kinang'aa kwa majimaji. Kisha mtu akaja na nusu ya ndimu, ati ikate ukali wa dawa. Ukelele nilioupiga ulimtoa bibi harusi chumbani, naye alikuwa hatakiwi kutoka. Siku ya harusi nilivaa mikono mirefu na kucheza huku mkono mmoja nimeubana ubavuni.

Aliyenifungua macho ni dada mmoja wa duka la dawa, nilipokwenda kutafuta cha kupaka. Aliniuliza kama namkumbuka mama akiweka kalikiti saluni. Namkumbuka, na harufu yake ndiyo hii hii ya krimu. Akasema dawa ni za ukoo mmoja, thioglaikoleti. Ile ya kalikiti hulegeza viungo vya unywele ili ukubali kujikunja upya. Hii ya kuondoa nywele imewekwa kwenye ukali mkubwa zaidi wa magadi, kwa hiyo inavivunja mpaka unywele unakatika. Na unywele umejengwa kwa keratini, kitu kile kile kilichojenga tabaka la juu la ngozi. Dawa haijui lipi ni unywele na lipi ni wewe. Unywele ni mwembamba, unawahi kuisha. Ukizidisha muda, inahamia kwako. Wala mizizi haifiki, hata ungeiacha mpaka asubuhi.

Akaniambia pia kwamba pale pale nilitakiwa kusimama chini ya maji ya baridi yanayotiririka, dakika ishirini nzima. Si ndimu, si dawa ya mswaki.

Nilipona baada ya wiki na nusu hivi. Wengi wangeapa kutoigusa tena. Mimi niliirudia, na sasa ni mwaka wa tatu makwapa yangu hayana kipele hata kimoja, najivunia.

Siogi maji ya moto kabla, na singo inakaa mbali siku mbili. Nywele zikiwa ndefu nazipunguza kwa mkasi. Nilicho nacho cha kuwafundisha ni hiki: mafuta ya mgando. Nina kidoa cheusi kilichoinuka karibu na kwapa la kushoto. Nakifunika kwa mafuta hayo, na kuzunguka ukingo wote, krimu isitambae. Kisha nasimama mbele ya feni, mkono kichwani, maana kwa joto letu jasho huiyeyusha krimu na kuishusha hadi ubavuni, ambako sikuipeleka. Naipaka nene, izifunike nywele, bila kusugua. Alamu ya simu naiweka dakika tano. Ikilia nafuta sehemu ndogo tu kwa kitambaa kilicholowa. Unywele ulio tayari unateleza kama uzi uliooza. Ukigoma, naongeza dakika moja, nyingine, lakini kumi hazifiki. Ikianza kuchoma, natoa hata kama ni dakika ya pili.

Baada ya hapo maji ya vuguvugu, bila sabuni, na siku hiyo deodoranti hainigusi. Narudia kila baada ya wiki tatu hivi, ambazo ziko ndani kabisa ya siku arobaini tulizofundishwa na dini kuwa nywele za kwapa zisizipite. Krimu ya mwilini siipeleki usoni, na sehemu za siri ni mpaka karatasi iseme inafaa huko. Anayetumia mkorogo wa kujichubua namsihi aiache krimu hii kabisa, ngozi yake imeshakuwa nyembamba.

Mwezi uliopita mdogo wangu aliomba nimfanyie. Nikamwambia kwanza tujaribu mguuni, mahali pa ukubwa wa sarafu, tungoje siku nzima. Alinuna, alikuwa na safari kesho yake. Asubuhi akaniletea mguu: duara jekundu lenye vipele, linawasha mpaka kwenye kifundo. Dakika tano tu, tena nilimpakia mwenyewe kwa uangalifu wote. Ngozi yake imeikataa. Chupa nikarudi nayo kwangu, yeye nikamnunulia wembe mpya.