Bastola kiunoni: ionekane au ifichwe?

Wanaotetea kubeba bastola wazi huanza na hoja ya kasi, na kwa kipimo cha saa wana haki. Mkono unashuka moja kwa moja kwenye mpini, hakuna shati la kuinua kwanza. Kwa mtu mwenye mazoezi ya wastani, nguo hula nusu sekunde hivi, wakati mwingine zaidi. Nusu sekunde si kidogo. Mwaka 1983 Dennis Tueller, askari polisi wa Salt Lake City, Marekani, alionyesha kuwa mtu mwenye kisu anaweza kukimbia futi 21, karibu mita 6.4, kwa sekunde moja na nusu hivi. Huo ndio muda ambao askari aliyefunzwa alihitaji kuchomoa na kufyatua kutoka kwenye holsta (mkoba wa bastola) iliyo wazi.

Lakini saa hiyo huanza kuhesabu ukishaiona hatari. Anayebeba wazi hachagui silaha yake iingie lini kwenye ugomvi, kwa sababu iliingia tangu alipofungua mlango wa nyumba. Mhalifu akiiona anaweza kuondoka, na wapo wanaoondoka. Anaweza pia kukuzunguka kwa nyuma ukiwa kwenye foleni, mikono yako yote miwili imebeba mizigo. Askari polisi wana mafunzo ya kulinda silaha, wana redio, wana wenzao na holsta zenye kufuli, na bado hunyang'anywa. Kwa hiyo msimamo wangu kwa raia anayetembea mjini Marekani ni huu: ificha. Kubeba wazi kuna mahali pake, kwa mfano porini kwenye dubu, shambani, au pale koti zito na mkanda wa begi la mgongoni vinapofanya kificho kuwa kizuizi.

Kabla ya vifaa, sheria, maana hapa ndipo watu waadilifu hujikuta mahakamani. Katika kesi ya Bruen, tarehe 23 Juni 2022, Mahakama ya Juu ya Marekani ilitamka kuwa raia ana haki ya kubeba bastola nje ya nyumba kwa kujilinda, ikafuta sharti la New York la kumtaka mwombaji aonyeshe sababu maalumu. Haikuyalazimisha majimbo kuruhusu mitindo yote miwili. Vermont haijawahi kudai kibali. Texas, tangu 1 Septemba 2021, humruhusu mtu mzima wa miaka 21 asiye na kizuizi cha kisheria kubeba bila leseni, ila ikionekana lazima iwe ndani ya holsta. Illinois, jimbo lililochelewa kuliko yote kuruhusu kificho, mwaka 2013, liliweka leseni ya kubeba kwa kificho peke yake.

Tazama Michigan uone mtego ulivyo. Kule mtu anaweza kutembea kwa miguu na bastola ikionekana bila leseni ya kificho. Akiingia nayo kwenye gari, leseni inahitajika. Koti likiangukia mpini, ameshabeba kwa kificho, na bila leseni hilo ni kosa kubwa la jinai. Upepo tu unatosha kukubadilishia jina la kitendo. Ndiyo maana nashauri kuchukua leseni hata katika jimbo lisiloidai. Sheria ya serikali kuu inakataza silaha za moto ndani ya futi 1,000 kutoka kwenye shule, na inamwacha nje ya katazo hilo mwenye leseni iliyotolewa na jimbo lenyewe. Asiye na leseni, hata akiwa halali kwa sheria ya jimbo, anaweza kuvunja sheria ya taifa kwa kupita barabara iliyo karibu na shule. Na leseni ya jimbo moja haitambuliki kila mahali, kwa hiyo angalia kila mpaka unaoukusudia kuuvuka. Soma pia mabango mlangoni. Texas lina bango la 30.06 linalomkataza kuingia mwenye leseni anayeficha, na la 30.07 linalomkataza mwenye leseni anayebeba wazi, herufi zikiwa na kimo cha angalau inchi moja, kwa Kiingereza na Kihispania. Duka linaweza kuweka moja na kuacha jingine.

Sasa vifaa. Ukibeba wazi, usitumie holsta inayoshika bastola kwa msuguano peke yake. Hiyo ni ya kificho. Inayoonekana iwe na angalau kufuli moja inayojifunga yenyewe bastola inapoingia na kufunguliwa kwa dole gumba. Watengenezaji huhesabu ngazi za ulinzi kwa namna tofauti, hivyo usitegemee namba iliyo kwenye boksi: hakikisha bastola haina risasi, ifunge ndani, kisha mwombe mtu aivute kwa nguvu kutoka nyuma na pembeni. Kama mkanda unapinda au skrubu zinalegea, umepata jibu. Kaa mbali na holsta zinazofunguliwa kwa kubonyeza kidole cha shahada. Mtu akiwa na haraka kidole kile huendelea kubonyeza wakati bastola inatoka, na kituo chake kinachofuata ni kifyatulio. Watu wamejipiga mapaja kwa njia hiyo.

Mwenye kuficha ana kazi ya aina nyingine, nayo ni ya hesabu ndogondogo. Kinachomfichua mtu ni mpini. Mtutu uko ndani ya suruali, hauonekani hata ukiwa mrefu; mpini ndio unaotokeza juu ya mkanda na kusukuma shati. Kwa hiyo ukitaka kupunguza, punguza kimo cha mpini kabla ya urefu wa mtutu. Holsta nzuri ya ndani ya suruali ina bawa dogo la plastiki linalokaa chini ya mkanda na kuugeuza mpini uelekee mwilini. Ukivaa mbele, karibu na kinena, ongeza kabari ya sponji chini ya holsta, upande wa mwili: inausukuma mtutu nje, na sehemu ya juu inalala tumboni. Ukivaa nyuma kidogo ya nyonga, inamisha mpini mbele kama nyuzi 15, la sivyo utatokeza kila unapoinama. Shati liwe kubwa kwa saizi moja, lenye michoro au rangi nzito. Kitambaa chembamba cha rangi moja huchora kila kona.

Mkanda ndio watu hubania pesa, kisha wanalaumu bastola. Bastola aina ya Glock 19 yenye risasi 15 ina uzito wa karibu gramu 850, na mkanda wa kawaida unajikunja chini ya mzigo huo. Nunua mgumu, upana wa inchi moja na nusu, unaolingana na klipu za holsta. Mkanda ukichezacheza, bastola nayo itahama, na mkono utaikosa pale ulipoizoea.

Holsta yoyote, wazi au ya kificho, lazima ifunike kifyatulio chote kwa kitu kigumu kisichobonyezeka kwa nje, na mdomo wake ubaki wazi bastola ikiwa nje. Ngozi iliyozeeka hulegea, mdomo ukajikunja ndani, na ule mkunjo unaweza kukibonyeza kifyatulio bastola inaporudishwa. Kamba za jaketi na pindo la shati hufanya vivyo hivyo.

Kuchomoa kutoka kwenye kificho kunaharibika mahali pamoja: shati. Mkono usio wa kufyatua ulishike shati kwa ngumi na kulipandisha hadi kifuani, si hadi kitovuni. Likiinuliwa nusu, huangukia mpini, nawe ukashika kitambaa pamoja na chuma. Shika mpini vizuri bastola ikiwa bado ndani, juu kabisa, kidole cha kifyatulio kikiwa kimenyooka nje ya holsta. Vuta wima. Mtutu ukitoka tu, ugeuze mbele, mikono ikutane kifuani, sukuma.

Kurudisha ndiko kunakojeruhi watu. Hakuna tuzo ya haraka hapo. Kidole nje, inua nguo kabisa, tazama ndani ya holsta kwa macho, ingiza polepole. Unayevaa mbele, sukuma nyonga mbele kwanza ili mtutu usielekee kwenye paja, maana mshipa mkubwa wa damu unapita hapo. Kama bastola ina nyundo inayoonekana nyuma, weka dole gumba juu yake: ikianza kusogea, simama. Ukihisi ukinzani wowote, usisukume. Toa holsta nzima na bastola, uangalie.

Mazoezi makavu, yaani ya kuchomoa na kufyatua bila risasi, dakika kumi, mara tatu kwa wiki, yanatosha kukupa mkono unaojua njia. Risasi zote zibaki chumba kingine. Kagua chemba, mahali risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, kwa jicho na kwa kidole, chagua ukuta unaoweza kuzuia risasi, fanya ukiwa umevaa nguo unazovaa kweli, ukiwa umesimama, umekaa, na ukiwa kwenye kiti cha gari na mkanda umefungwa. Ukimaliza, sema kwa sauti kuwa umemaliza, kisha ndipo upakie.

Kupakia huko kuna ubaya wake. Risasi ileile ikiingizwa chemba kila siku, kichwa chake huzama ndani ya ganda kidogo kidogo, nafasi ya baruti inapungua na shinikizo linapanda. Ilinganishe na mpya kwa kuzisimamisha mezani. Ikiwa fupi, iondoe. Bora zaidi usiitoe bastola kwenye holsta bila sababu: jioni vua holsta nzima ikiwa na bastola ndani, weka kwenye kisanduku chenye kufuli ambacho mtoto hawezi kukifungua. Chooni pia ibaki ndani ya holsta, ishuke na suruali, isitundikwe kwenye ndoano wala kuwekwa juu ya tangi. Ndani ya gari lililoegeshwa si ghala, kwani mwizi wa gari ndiye anayejipatia bastola hiyo.

Polisi akikusimamisha, weka mikono juu ya usukani, taa ya ndani ikiwaka kama ni usiku. Mwenye leseni ya kificho Michigan anawajibika kusema mara moja kuwa amebeba; katika baadhi ya majimbo anaweza kungoja hadi aulizwe. Sema maneno machache: una leseni, umebeba, iko upande gani. Usitaje neno bastola huku mkono ukishuka kutafuta pochi. Subiri polisi aseme ufanye nini, hata akikawia.