Siku moja Lamu: kujitolea kwenye ujumuishaji wa watu wenye ulemavu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kwanza kabisa, jedwali la maji. Mkutano wowote unaowahusu watu wa Mokowe au Matondoni, wanaokuja mjini kwa mashua, hupangwa kwa kujaa na kupwa. Maji yakitoka, mashua huteremka chini ya gati, kikabaki kipande cha ngazi chenye mwani unaoteleza. Anayetumia kiti cha magurudumu hapiti hapo. Kila siku maji huchelewa kwa dakika 50 hivi, basi saa iliyofaa Jumatatu Ijumaa haifai, na wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, hali huwa ngumu zaidi. Kalenda ya mradi iliyoandikwa na ofisi ya mbali haijui hayo. Ni kazi ya anayejitolea kuirudisha irekebishwe mapema.

Saa mbili. Ukaguzi wa ukumbi, kwa futi ya mkanda, chaki na pimamaji ya kuonyesha usawa. Usiende peke yako: anayeongoza ni mwanachama wa chama cha watu wenye ulemavu cha hapa hapa, mgeni hushika futi na kuandika. Kanuni ya rampu, njia ya mteremko badala ya vidato, ni 1 kwa 12: kimo cha 1 kwa urefu wa 12. Kidato kimoja cha sentimita 15 kinataka rampu ya sentimita 180. Vidato vitatu vya namna hiyo vinataka mita 5.4. Kichochoro cha Lamu hakina nafasi hiyo, vibaraza viko pande zote na punda wanapita. Ndipo fundi anapolaza ubao wa mita mbili juu ya vidato vitatu na kusema kazi imekwisha. Mteremko ule ni karibu 1 kwa 4. Kiti huinuka mbele kikampindua mtu chali. Kubomoa kizingiti nako si jambo la kuamua asubuhi moja, maana Mji wa Kale umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2001. Mara nyingi jibu la haki ni kuhamisha mkutano uende kwenye jengo la chini upande wa bahari.

Mlango upimwe uwazi wake, si fremu: usipungue sentimita 80. Milango ya nakshi ina pande mbili, na wengi hufungua mmoja tu. Fungua zote mbili ndipo upime. Halafu choo: chora kwa chaki duara la sentimita 150 sakafuni, uone kama kiti kitageuka. Choo kisipofaa, mtu hushinda bila kunywa maji, kwenye joto hili.

Saa nne na nusu. Mafunzo ya vijana wanaoandikisha kaya. Tunatumia maswali sita ya Washington Group, kundi la takwimu za ulemavu chini ya Umoja wa Mataifa: kuona, kusikia, kutembea au kupanda ngazi, kukumbuka na kumakinika, kujihudumia, kuwasiliana. Majibu ni manne: hapana taabu, taabu kiasi, taabu nyingi, siwezi kabisa. Anayejibu moja kati ya mawili ya mwisho, hata kwa swali moja, anahesabiwa kuwa na ulemavu. Ukiuliza “hapa kuna mlemavu?” utaambiwa hakuna, na mzee asiyeona vizuri atasema huo ni uzee tu. Kosa jingine linalorudi kila mara ni kumuuliza mama wa mtu mzima wakati mwenyewe ameketi pale pale.

Saa saba ni swala, chakula na jua kali. Hakuna kinachopangwa.

Saa nane na nusu. Viti vya magurudumu, chini ya mtaalamu wa viungo. Anayejitolea hagawi kiti kwa mkono wake. Kiti cha msaada kisichopimwa huumiza. Upana wa kiti hufuata nyonga, kina chake huishia sentimita 3 hadi 6 kabla ya nyuma ya goti. Kisha jaribio la mkono: ingiza vidole chini ya mfupa wa tako, mtu akiwa ameketi juu ya mto. Vidole vikichezeka juu na chini milimita 5 au zaidi, ni salama. Visipochezeka lakini vikatoka kwa urahisi, ni onyo. Vikibanwa, mto haufai, na asiyehisi sehemu hiyo atapata kidonda bila kujua. Mchanga na chumvi huua beringi za magurudumu ya mbele kwanza: futa kwa kitambaa chenye maji baridi yasiyo ya chumvi, kausha, tia mafuta. Kwenye mashua, kamwe usimfunge mtu kwenye kiti. Na wanaobeba washike fremu, wasishike mikono ya kiti inayochomoka.

Saa kumi na moja. Bajeti. Hapa ndipo ujumuishaji hufa au huishi, na tunalisema hili kwa uchungu. Kifungu cha 32 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006 kinataka miradi ya ushirikiano wa kimataifa iwafikie watu wenye ulemavu. Kenya iliuridhia 2008. Kwa siku nzima weka wakalimani wawili wanaopokezana kila dakika 20 au 30, kwani mmoja huchoka na maana hupotea. Wawe wa Lugha ya Ishara ya Kenya. Ile tuliyojifunza Tanzania ni lugha nyingine. Weka nauli ya msaidizi, na nauli ya mashua ya kukodi. Vikiachiwa fungu la “mengineyo”, ndivyo vya kwanza kukatwa. Daftari la vipimo hubaki kwa katibu wa chama. Mgeni huondoka na nakala.