Ganuni yangu na baridi ya Ulaya

Kwa mpiga ganuni, ala ya nyuzi nyingi inayolazwa na kupigwa kwa vidole, safari ya taarab Ulaya ni kutuni mchana kutwa, yaani kukaza na kulegeza nyuzi mpaka sauti zikae sawa, na onyesho limechomekwa katikati. Yangu ina nyuzi 78, tatu tatu kwa kila sauti, na daraja lake, kile kijiti kinachobeba nyuzi, limekalia ngozi. Unguja ngozi hiyo imezoea unyevunyevu wa bahari. Ujerumani mwezi wa Novemba, ndani ya ukumbi wenye hita, inakauka, inakaza, na sauti inapanda.

Nilianza na chumba. Kila hoteli tukifika nazima hita, nalowesha taulo, nalikamua na kulitandaza kitini, sanduku la ganuni pembeni yake. Mzee wa akodiani, tuliyepangwa chumba kimoja, alilala na koti na kofia. "Mwanangu, mimi sina ngozi ya kukaza," aliniambia, lakini hita hakuigusa. Garini sanduku haliachwi usiku. Kwenye ndege naingia nalo ndani, nyuzi nimezilegeza kidogo. Kidogo tu: ukizilegeza zote daraja linahama, na hapo umejitafutia kazi ya usiku kucha.

Siku yenyewe ni mayai ya hoteli, kisha barabara, saa baada ya saa. Bi mkubwa wetu wa kuimba ana chupa yake ya tangawizi na hasemi neno mpaka jioni, anatunza koo. Tukifika ukumbini wenzangu wanatafuta chai. Mimi nafungua sanduku, naiacha ganuni jukwaani izoee hewa. Kutuni hapo ni kazi bure. Nangoja taa ziwashwe, maana zile za zamani zina joto kweli, ndipo nashika ufunguo wa kukazia nyuzi.

Sauti ya kutunia naichukua kwa akodiani, simu yenye programu ya kupimia sauti naiacha mfukoni. Fidla inakazwa, udi unakazwa, akodiani haikazwi wala hailegezwi safarini, kwa hiyo sote tunaifuata. Simu ikibishana nayo, simu ndiyo iliyokosea.

Baina ya nyimbo narekebisha mbili tatu kimyakimya. Zote siziwezi, watu wamelipa kusikiliza nyimbo. Bahati nzuri taarab ya asili hufunguliwa kwa bashraf, ala tupu bila mwimbaji, nyuzi zikiwa bado zimekaa sawa. Taqsimu yangu ndefu, pale ninapopiga peke yangu kwa kubuni papo kwa papo, naomba iwekwe papo hapo, si mwisho wa usiku ukumbi ukishafukuta kwa pumzi za watu.