Nyigu wa kwenye mabua ya mahindi: kumbukumbu ya mradi wangu

Mradi huu ulianzia kwenye shamba la shangazi, Kilifi. Tulikuwa tunang'oa mahindi yaliyonyauka kiini, nikapasua bua moja kwa kisu. Ndani ya tundu nikakuta donge jeupe kama pamba, limegandana na kiwavi aliyesinyaa. Shangazi aliponiona nimeinama, akaniambia, "Hayo ni mayai ya funza, mwanangu. Yaponde." Nikamwomba aniachie, maana yale si mayai. Ni vifukofuko vya nyigu mdogo sana, ambaye watoto wake wamemla funza, yaani yule kiwavi wa bua, kutoka ndani. Miaka yote shangazi amekuwa akimponda rafiki yake bila kujua. Nilitaka amwone kwa macho yake, na mimi nilitaka kumjua nyigu huyo kwa jina.

Siku ya 1. Mabua 12, viwavi 19 walio hai. Kila mmoja nimemweka kwenye chupa yake pamoja na kipande cha bua. Chupa za kwanza nilizifunga kwa vifuniko vya plastiki, jasho la bua likaleta ukungu, na viwavi 4 wakafa kabla sijagundua. Sasa zote zimefungwa kwa kitambaa chepesi na mpira.

Kabla ya nyigu, ni lazima umjue kiwavi. Wengi wangu wana madoa meusi yaliyopangwa kwa mistari mgongoni. Nimemlaza mmoja chali chini ya kioo cha kukuzia: vikulabu kwenye miguu yake ya tumbo vimepangwa duara kamili. Basi huyo ni Chilo, jenasi ya funza wa mabua, na huku pwani anayesumbua zaidi ni Chilo partellus, mgeni kutoka Asia. Angekuwa Sesamia, funza mwingine wa mabua, yule wa rangi ya waridi asiye na madoa, vikulabu vingekaa kama mwezi mwandamo.

Siku ya 6. Chupa ya 7. Jioni nilimwona kiwavi ametulia, amevimba, ngozi yake inachezacheza kana kwamba kuna kitu kinapita chini yake. Kisha vichwa vyeupe vikaanza kutokeza ubavuni, huku na huku, kimoja baada ya kingine, hadi mwili mzima ukawa kama umeota miiba laini. Kila buu aliyejichomoa alianza papo hapo kusokota nyuzi. Baada ya saa chache nilikuwa na donge jeupe kama lile la shambani. Kiwavi alikuwa bado hai, akijisogeza kidogo. Nilikaa naye hadi usiku wa manane, sikuweza kuondoka.

Siku ya 12. Wametoka! Nyigu 37 kutoka kwa kiwavi mmoja, majike 26 na madume 11. Kuwatofautisha si kazi: papasi za dume ni ndefu waziwazi kuliko za jike. Kwa nyigu, yai lililorutubishwa huwa jike na lisilorutubishwa huwa dume, kwa hiyo jike ambaye hajapandwa huzaa watoto wa kiume watupu. Mama wa hawa alikuwa amepandwa.

Siku ya 13 hadi 16, kwenye hadubini. Hapa ndipo nilipotumia muda wangu mwingi, na ndipo penye raha yenyewe.

Mwili hauzidi milimita 3. Ni mweusi, miguu ya njano, na ukimtazama kwa ubavu anaonekana bapa, kama aliyebanwa kidogo ili apite penye wembamba. Na kweli anapita penye wembamba: jike hufuata harufu ya kinyesi cha funza na ya mmea ulioumia, akaingia mwenyewe ndani ya tundu la bua kumtafuta. Funza naye ana meno. Majike wengi huumwa humo ndani wakafa.

Papasi zilinitoa jasho. Mara ya kwanza nilihesabu pingili zaidi ya 30, nikadhani nimekosea familia nzima. Nilipoongeza mwanga nikaona kosa: kwenye kila pingili, vihisio virefu vimejipanga safu mbili, moja mbele ya nyingine, kwa hiyo pingili moja inaonekana kama mbili. Nilihesabu upya kwa kufuata viungo vyenyewe, nikapata 18. Hiyo ndiyo hesabu ya Microgastrinae, kundi kubwa ndani ya familia ya nyigu iitwayo Braconidae. Nilirudia kwa nyigu watano, na wote wakatoa 18.

Bawa la mbele lina doa jeusi la pembetatu kwenye ukingo, na mishipa inayoelekea nchani inafifia hadi karibu haionekani. Jamaa zake wengine wana kijichumba kidogo kilichofungwa na mishipa katikati ya bawa. Huyu hana, upande mmoja umebaki wazi. Bawa la nyuma lina safu ya ndoano ndogo mno zinazolishika la mbele, ili yote mawili yapige pamoja kama bawa moja.

Nyuma ya kifua kuna bamba lenye mikwaruzo mingi. Kwa macho ni sehemu ya kifua, lakini kwa asili ni pingili ya kwanza ya tumbo iliyoungana na kifua. Kile tunachokiita kiuno cha nyigu kiko baada yake. Mabamba mawili ya kwanza ya tumbo nayo yana mikwaruzo, na la kwanza linapanuka kuelekea nyuma. Mrija wa kutagia ni mfupi, hauchomozi nje. Dalili hizi zikikutana zinaelekeza kwenye jenasi Cotesia, siyo jamaa yake wa karibu Apanteles. Zamani wote waliwekwa fungu moja, hadi mtaalamu wa nyigu aitwaye Mason alipowatenganisha mwaka 1981.

Na sasa ugumu wenyewe. Huku kwetu kuna wawili wanaofanana kama pacha. Cotesia sesamiae ni mwenyeji wa Afrika. Cotesia flavipes, ambaye jina lake kwa Kilatini maana yake ni miguu ya njano, aliletwa Kenya na ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, kutoka Pakistan mwaka 1991 na kuachiliwa hapa pwani mwaka 1993, ili amfuate Chilo aliyetoka naye bara moja. Wote wawili wana miguu ya njano na wote hukua ndani ya Chilo, kwa hiyo rangi haisemi kitu na kiwavi hasemi kitu. Hata ndani ya sesamiae kuna tofauti ambayo jicho halitaiona: wale wa Kitale hukua vizuri ndani ya funza Busseola fusca, ilhali wa pwani mayai yao huzingirwa na chembe za damu za funza huyohuyo na kufa. Wakati wa kutaga, jike huingiza pia virusi vinavyotengenezwa ndani ya ovari zake, na ndivyo vinavyolaza kinga ya funza. Kinachowatenganisha flavipes na sesamiae kwa uhakika zaidi ni umbo la viungo vya uzazi vya dume.

Siku ya 17. Chupa ya 11 imenifundisha. Vifukofuko ni vilevile, lakini waliotoka ni vinyigu vyeusi vidogo zaidi, na kwenye mguu wa mbele kila kimoja kina miiba miwili mahali ambapo Cotesia ana mmoja. Hao ni Ceraphronidae, familia nyingine ya nyigu, walaji wa nyigu wangu. Ningeandika jina kwa kuangalia donge jeupe tu, ningekosea kabisa.

Siku ya 19. Shangazi amekuja, nimemketisha mbele ya hadubini. Alitazama muda mrefu. "Kumbe ana mabawa," akasema, kisha akauliza kama wale wengine wa msimu uliopita nao walikuwa hivi. Nikamjibu, ndiyo, shangazi. Akanyamaza, kisha akaniomba kipande cha donge akawaonyeshe majirani.

Madume 6 wako kwenye spiriti, na wengine 2 nimewaloweka kwenye potasi asilimia 10 ili nyama laini iyeyuke na viungo vya uzazi vionekane. Kwa leo lebo inasema nilichokiona: "Cotesia, kundi la flavipes. Kutoka Chilo, bua la mahindi, Kilifi. Chupa ya 7." Nafasi ya jina la pili, flavipes au sesamiae, nimeiacha wazi ijazwe kwa penseli.