Koleo la mfukoni na chumvi ya Lamu

Kikoi hakina mfuko, kwa hivyo hata kabla sijalikunjua lile koleo nilijua tutasumbuana. Mpwa wangu anayefanya kazi Nairobi aliniletea mwanzo wa kaskazi, alipokuja kwa basi hadi Mokowe kisha akavuka. Ni koleo la chuma linalokunjika likaenea kiganjani, na ndani ya mipini yake mna visu viwili, msumeno, tupa, bisibisi bapa na ya nyota, mkasi mdogo, kifungua kopo na msharasi wa kutobolea. "Mjomba, litumie, kisha uniambie kama lafaa chomboni," akasema. Ana haja yake: anataka kuwauzia manahodha wa hapa na wa Shela, na ajua nikilisifu mimi wengine watafungua mikono. Mimi ni wa mashua ya abiria na wageni, yenye tanga na mashine ya kufunga tezini, yaani nyuma, na siku zisizo na wageni huvua mshipi. Kazi za kulijaribia hazikukosekana.

Uzito wake wakaribia robo kilo. Ukilifutika kwenye pindo la kikoi pamoja na pesa, ukipanda ngazi za gati kikoi chaanza kuaga. Ala yake ni ya kitambaa, na yataka ukanda. Nimeishia kuvaa kaptula na ukanda ndani ya kikoi, wenzangu gatini wakacheka mpaka wakachoka.

Nikisema koleo nataka lieleweke hivyo: koleo kwanza, mengine baadaye. Visu vya mfukoni vyenye vifaa vingi si vipya. Kile cha maofisa cha Waswisi, kinachotengenezwa na Victorinox, kilisajiliwa mwaka 1897. Lakini kilikuwa kisu. Mmarekani mmoja, Tim Leatherman, alizunguka Ulaya mwaka 1975 na Fiat kuukuu iliyokuwa ikimharibikia njiani, akaona kisu chake cha mfukoni chakata vizuri ila hakiwezi kushika kitu wala kukaza. Akarudi kwao, akakaa miaka akichonga mifano, na mwaka 1983 akaanza kuuza koleo lenye vifaa ndani ya mipini. Hili langu si lake. Ni la kampuni nyingine iliyofuata njia hiyo hiyo, na sitaitaja kwa sababu nina malalamiko nayo. Lakini kuhusu koleo, yule bwana aliona mbali.

Mwenye kuvua mshipi amjua hongwe. Ana miiba mitatu, mmoja mgongoni na mmoja kila ubavu, nyuma ya kichwa, na ina sumu. Akikuchoma mkononi utakesha. Zamani nilikuwa nikimkanyaga kwa ndara, nakata mshipi, ndoana naisamehe. Sasa namning'iniza kwa mshipi, nashika shina la ndoana kwa ncha za koleo, nageuza kiganja kuelekea juu, na uzito wake mwenyewe wamtoa. Mkono uko mbali na miiba, ndoana imebaki. Ncha za koleo hili ni nyembamba na meno yake madogo hayatelezi hata yakijaa utelezi wa samaki. Tewa aliyemeza ndoana mbali nako lafika, tena bila kutia vidole ndani ya kinywa chake, ambacho si mahali pa kutia vidole.

Pini inayopenya kwenye nati ya propela ni hivyo hivyo. Miguu yake hupindwa ili isitoke, na kuinyoosha kwa kisu ni kuharibu kisu. Koleo lainyoosha, laivuta, na ukimaliza lairudisha na kuipinda tena. Kwa kazi hizi mbili peke yake ningelibeba hata kama mipini ingekuwa mitupu.

Kwenye kitako cha koleo mna makali ya kukatia waya. Waya wa shaba wa taa wakatika kama hapana kitu. Nikajaribu makusudi ndoana ya nguru, nikijua chuma chake ni kigumu. Ilikatika, lakini makali yakabaki na pengo ambalo ukipitisha ukucha utalihisi. Kijitabu kilichokuja nalo kimechora mtu akikata waya mwembamba, amevaa shati safi. Huyo si mvuvi.

Sasa visu. Kimoja kina makali laini, cha pili kina meno kama msumeno mdogo. Tulikuwa twenda Pate na abiria, tukiupita Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari, maji yakianza kupwa, na wanaopita pale wajua kwamba ukichelewa maji hukuacha matopeni mpaka yajae tena. Mashine ikagugumia, ikazima. Kipande cha wavu wa jarife kimejizungusha kwenye propela pamoja na kamba yake ya nailoni. Nikainua mashine, nikalala kifudifudi tezini, mkono mmoja umeshika mashine, wa pili umeshika koleo, na hapo ndipo kasoro yake kubwa ilipojitokeza. Visu vimefungiwa ndani ya mipini. Ili kukipata kisu lazima ulifungue koleo zima, utafute kijishimo cha kutia ukucha, ukivute, kisha uikunje mipini tena. Ni kazi ya mikono miwili mikavu. Nilikuwa na mmoja, nao umelowa. Nikamrushia baharia wangu, naye akakitoa kisu kwa meno yake, abiria wanatazama, mama mmoja anasema Bismillahi.

Kilipofunguka kilifanya kazi njema. Nailoni iliyokazwa na propela huwa ngumu, na kisu laini huteleza juu yake. Kile cha meno kiliingia na kuitafuna uzi baada ya uzi. Ndani ya mpini mna kabari ndogo ya chuma inayokizuia kisu kisikufungie vidole, na haikulegea hata nilipokuwa nakata kwa kukivuta kuelekea kwangu. Tukatoka Mkanda maji yakiwa bado yatosha. Lakini kifaa cha baharini ambacho hakifunguki kwa mkono mmoja kina upungufu, maana mkono wa pili daima una shughuli: umeshika demani, ile kamba ya tanga, au shikio la usukani, au mtu. Ziko aina nyingine ambazo visu viko upande wa nje wa mipini, wavisukuma kwa kidole gumba koleo likiwa limekunjwa. Nimeziona kwa mgeni mmoja wa Shela. Mpwa wangu asema bei yake ni zaidi. Na iwe zaidi.

Jambo jingine la pale pale: lina kijitundu cha kufungia ugwe, lakini ni chembamba mno, hupitishi ila uzi wa kushonea. Robo kilo ya chuma ikiteleza haielei. Nimelifunga ugwe kwenye kiungo cha koleo lenyewe, na hivyo halikunjiki vizuri, ila liko.

Chumvi ndiyo niliyoipa muda mrefu. Kwenye mpini pameandikwa kwamba ni stenlesi, na watu hudhani stenlesi haishiki kutu. Hushika, polepole. Chuma hicho huchanganywa na kromiamu, isiyopungua asilimia 10.5, nayo hukutana na hewa ikafanya ngozi nyembamba sana isiyoonekana, na ngozi hiyo ikikwaruzwa hujirudisha. Maji ya bahari yana kloridi, ambayo huitoboa. Mahali pa wazi ngozi hupona, lakini katikati ya vyuma viwili vilivyobanana, penye maji yaliyotuama na hewa haifiki, haiponi. Kisu nacho chahitaji kaboni ili kiwe kigumu na kishike makali, na kaboni hiyo huila sehemu ya kromiamu. Ndiyo maana kijiko cha nyumbani chaweza kukaa miaka baharini kikang'aa kuliko kisu cha bei.

Nikaliacha likining'inia ubavuni mwa mashua, ndani ya maji, tangu magharibi hadi alfajiri, kisha nikaliweka juu ya sitaha bila kulisuuza. Jioni yake mipini bado yang'aa, ncha za koleo safi. Nikafungua. Kwenye viungo mlikuwa na uji wa rangi ya kahawia, springi ya mkasi imeshika madoa, na meno ya msumeno yameanza. Kisu laini kilikuwa na vidoa viwili karibu na shina, palepale kinapobanwa na mpini. Yaani kutu ilianza kila mahali ambapo jicho halifiki, na anayelitazama limekunjwa angeapa halina kitu.

Baada ya hapo nikawa nalisuuza kila nikirudi, na nikagundua kwamba maji nayo yana daraja. Maji ya mfereji yanayotoka kwenye machuguu ya mchanga ya Shela yafaa. Maji ya kisima cha kwetu nyumbani yana ladha ya chumvi, hayo hayaliokoi. Maji ya mvua ya jabia, lile birika la kuyakusanyia, ndiyo bora, ukiyapata. Lifungue lote, lizamishe kwenye ndoo, lichezeshe humo kama mkasi wa kinyozi mpaka maji yatoke meupe, kisha lianike likiwa wazi. Kuhusu mafuta: ya nazi hulainisha siku chache kisha huganda na kushika mchanga. Sifa, ile ya ini la papa tunayopaka mbao za chombo, huzuia kutu kwelikweli, lakini kwa harufu yake mke wangu alinitolea mto nje. Mafuta ya cherehani ndiyo niliyobaki nayo, tone moja kila kiungo. Tangu hapo halijaongeza doa, na sasa kusi yavuma.

Nilikwenda nalo Matondoni, kwa mafundi wa vyombo, maana hao wana haki ya kuhukumu. Mzee mmoja alikuwa ameketi na tezo lake, keekee na patasi pembeni. Nikamwamkia, "Shikamoo, fundi." Akaitika, akalipokea, akafungua kifaa kimoja kimoja bila kusema kitu, hata msharasi, kisha akacheka. "Kitu kimoya chataka kuwa mafundi kumi?" Akanionyesha ubao wa zamani wenye msumari uliozungushiwa pamba, kama wanavyopigiliwa ili maji yasipite, akaniambia ning'oe. Koleo lilishika kichwa cha msumari, nikavuta, mipini ikaanza kupanuka na kujipinda mkononi mwangu, na kingo zake zikaniachia mistari myekundu kiganjani. Msumari hata haukutikisika. Mzee akaung'oa kwa koleo lake la zamani, zito, lisilokunjika. "Hili ni la kutengezea redio," akasema, akanirudishia. Lakini kabla sijaondoka aliniomba tena ile tupa, akasugulia ukucha wake uliopasuka, akaisifu.

Mengine niyapitie haraka. Bisibisi ya nyota ni nzuri kwa vibano vya mpira wa mafuta na vichwa vya betri, ila ni fupi. Skrubu iliyojificha ndani ya kabureta huifikii, kwa sababu mpini wenyewe wazuia. Plagi ya mashine haifunguki kwa kitu chochote kilichomo humu, kwa hivyo spana ya plagi lazima ibaki kwenye sanduku, na asiyebeba spana akitegemea koleo hili atarudi kwa tanga. Mkasi wakata uzi wa tanga, basi. Kifungua kopo chafungua kopo. Msharasi niliudharau mpaka tanga lilipochanika na shazia, ile sindano kubwa ya kushonea tanga, haikupita kwenye mshono mnene wa ukingoni. Niliutangulizia msharasi, shazia ikafuata. Msumeno sikuutarajia kitu, lakini wakata bomba la plastiki haraka kuliko msumeno wangu wa nyumbani, ambao kusema kweli umezeeka.

Wale wageni wasafirio kwa ndege kutoka Manda huniuliza kama waweza kununua kama hili. Waweza, ila liende kwenye mzigo unaowekwa chini ya ndege. Lenye kisu halipandi nawe kitini.

Mpwa wangu nimemjibu hivi: la aina hii asilete. Alete yale yenye visu nje, yenye kabari ya kuzuia kisu, na tundu la ugwe linalopita ugwe wa kweli. Tupa na msharasi visikose, mkasi na kifungua kopo vikikosekana hatutalia. Na kila atakayenunua apewe chupa ndogo ya mafuta ya cherehani bure, ndani ya bei hiyo hiyo. Hilo la mafuta amelipinga, tumebishana kwenye simu, mwisho akakubali. Asema ataleta machache kabla ya Maulidi, na nahodha mmoja wa Shela ameshauliza kama atapokea malipo nusu nusu. Hapo nikamwambia amuulize mwenye biashara.